Mtoto wa Sophia

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Mchafukoge yote maji, mitaro imefurika. Nimefika kazini viatu mkononi kama mtoto wa shule.

Chupa tatu za damu kutoka wodi ya watoto wachanga zimechafuka, zimeota wadudu. Tatu kwa mpigo! Sisi tukiona moja tu roho inatusinyaa. Nimepaka tone kwenye kioo, nikatia rangi, nikakaa kwenye hadubini. Vijiti vyekundu, vifupi, vinene, vimejazana. Chupa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilishajua kabla sijaweka jicho.

Zakayo akaja kuangalia. Tuko naye benchi hili la bakteria tangu nimeajiriwa, si mtu wa maneno. Kasema tu, "Khairu, hawa wadudu wametoka nyumba moja."

Watoto wachanga bado hawana majina. Chupa inaandikwa jina la mama. Mtoto wa Dalia. Mtoto wa Tausi. Mtoto wa Sophia. Chupa hizo huwa nazipokea haraka haraka, sisomi mara mbili. Leo nimesoma.

Nimerudi nyumbani nimekuta Ghassan amehamishia majora ya mapazia kwenye kile chumba kidogo. Stoo ya dukani inavuja, anasema. Hakuniuliza. Chumba kile kimekaa kitupu tangu tuoane, na sote wawili tunajua tulimwachia nani. Sasa kimejaa mapazia mpaka dari.

Nikapika. Tukala. Akasema samaki mtamu.

Jumatano, 9 Aprili

Wameota. Sahani zote tatu nilizopandia damu jana — madoa ya waridi, makubwa, yanang'aa kwa ute. Ukigusa kwa waya unavuta uzi kama bamia. Klebsiella. Mdudu huyu anakaa tumboni mwa mtu mzima miaka bila kumsumbua. Akiingia kwenye damu ya mtoto asiyefika hata kilo mbili, hapo ni habari nyingine.

Nimempigia Dokta Theopista, daktari wa wodi ile. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Khairunnisa, nina wawili wengine wameanza homa asubuhi hii." Nimesikia mtoto analia nyuma yake. Nimesema nileteeni damu zao na nitapanga dawa zote nilizonazo, nione ipi inamuua huyu mdudu.

Mchana dirishani kaja kijana na chupa ya damu. Siku hizi wahudumu hawatoshi, ndugu wanaleta wenyewe. Wengine wanakuja nayo wameitupia kwenye mfuko na mkate. Huyu kaishika kwa mikono miwili. Shati limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja umepanda juu.

"Shikamoo dada. Nimeambiwa nisiitikise."

Marahaba. Nikapokea. Mtoto wa Sophia, kipimo cha kurudia. Nikauliza — kwa nini niliuliza! — mama yake anaendeleaje.

"Mama yake alifariki, dada. Palepale, baada ya kujifungua."

Kasema kwa adabu, kama anayeelekeza mtu njia. Nikabaki nakaza kifuniko cha chupa kilichokwisha kazwa. Yeye ndiye akanisaidia: "Naitwa Uwesu, baba yake. Mkiniita nje nipo, sitoki." Akaenda kukaa kwenye benchi la korido, karibu na ndoo za kupigia deki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtoto wa Dalia amefariki. Simu imekuja nikiwa nasoma sahani yake. Nimemaliza kusoma. Nimeandika. Kisha nimeingia chumba cha kuoshea vifaa nikafungua bomba, nikakaa.

Majibu ya dawa: mabaya. Tunapanda mdudu sahani nzima, tunaweka juu vikaratasi vidogo vya dawa. Dawa ikifanya kazi, mdudu anakaa mbali, unaona duara safi. Leo dawa tunazomwanzishia kila mtoto — mdudu kaota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Anazikanyaga! Mbili tu zina duara. Nimekimbia ngazi mwenyewe, sikungoja mhudumu. Dokta Theopista kasoma amesimama. "Hizi mbili ninazo kidogo. Zinatosha kwa hawa walio hai." Akabadilisha palepale.

Niliishia mlangoni. Jengo hili hili nimewahi kulala, ghorofa ya chini yake, wodi ya wazazi, si mara moja. Kila mara nilitoka mikono mitupu, na sikuwahi kupanda ngazi kufika huku juu.

Baada ya swala ya Ijumaa mama mkwe kapiga simu, kutoka Tanga. Zamani alikuwa akiuliza. Halafu akawa anaomba dua kwa sauti ili nisikie. Siku hizi anauliza mvua. Nilikuwa nachukia yale maswali. Leo nimeyatamani.

Jumatatu, 14 Aprili

Dokta kaomba tupekue wodi nzima. Mdudu ana makazi mahali, kila anayeingia anapita naye. Zakayo kachukua masinki, mabomba, mashine za kufyonza. Mimi vitanda vya joto, vikombe vya maziwa, meza, vitasa, na mikono ya wauguzi.

Sista Jacqueline ndiye mkubwa wa wodi. Mnene, mrefu, saa imening'inia kifuani, sauti ya kwaya. Hakuna anayepita bila kunawa mbele yake. Mimi kaninawisha mara mbili. "Kati ya vidole, mama! Hapo ndipo wanapojificha hao watu wako." Nikacheka. Wote walikuwa wamechoka, macho mekundu, lakini mikono ilikuwa inang'aa. Nimewabonyezesha vidole kwenye sahani mmoja mmoja. Yeye wa kwanza.

Na nimemwona.

Sikumtafuta. Nilikuwa napangusa ukingo wa kitanda cha tatu, nikainua jicho, karatasi imeandikwa Mtoto wa Sophia. Binti. Sikujua kama ni binti — chupa haisemi. Mdogo kuliko nilivyofikiria, kavalishwa kofia ya sufi ya njano inayomfika machoni. Nywele nyingi. Mpira puani, sindano kwenye kiganja, na kiganja chenyewe kama ua la mpera. Akapiga miayo! Na homa yake yote, na mdudu wangu ndani ya damu yake, akapiga miayo kama mzee aliyechoshwa na mkutano.

Nimesahau nilipofikia. Ilibidi nianze kupangusa upya.

Uwesu alikuwa dirishani upande wa nje, kioo katikati. Kainua mkono. Nikainua wangu. Nilipotoka nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akasema bado. "Sophia alishachagua. Lakini nikimwita halafu nikamzika na jina lake, dada, si nitakuwa nimezika vitu vyake vyote?"

Jumanne, 15 Aprili

Sahani zimetoka kwenye kabati la joto asubuhi. Sinki: kidogo. Vitasa: hakuna. Vikombe: safi. Mikono ya wauguzi: Klebsiella. Yule yule, ute ule ule. Tena ya wauguzi wanne, siyo mmoja. Sahani ya Sista Jacqueline imejaa kuliko zote.

Haikuniingia akilini. Yule mama anayenawa mpaka ngozi inachubuka?

Zakayo akaleta sahani ya mwisho, akaiweka mbele yangu bila neno. Alichukua tone la sabuni ya maji, ile ya chupa za kwenye sinki. Kwa kutimiza wajibu tu, anasema. Sahani yote waridi. Hakuna hata mahali pa kuweka ncha ya kalamu.

Sabuni!

Tumepima ya kwenye dumu kubwa stoo. Tumeuliza msafishaji. Dumu likipungua wanaongeza maji ya bomba lifike mwisho wa mwezi. Zile chupa ndogo hazimwagwi, zinajazwa tu juu ya sabuni ya zamani. Nyepesi, vuguvugu, miezi na miezi. Mdudu kapata nyumba ya kupanga.

Tumepanga na vikaratasi vya dawa ili tuwe na uhakika. Lakini nina uhakika. Tumekwenda juu na Zakayo tukaziondoa chupa zote bila kueleza, tukasema tunazihitaji maabara. Dokta Theopista kaagiza vipande vya sabuni vipya na spiriti ya mikono. Kesho tutasema.

Jumatano, 16 Aprili

Majibu ni yale yale. Kwa kila kipimo tulichonacho, mdudu wa sabuni ndiye wa damu.

Dokta alitaka aseme mwenyewe. Nikamwomba niwepo. Tumemkuta Sista Jacqueline ofisini, anakunywa chai ya rangi amesimama. Dokta kaeleza taratibu. Nilikuwa naangalia ile saa ya kifuani, inapanda na kushuka.

Akaweka kikombe.

"Ni mimi niliyesema waongeze maji," akasema. "Ilikuwa haitoshi. Nikaona bora wanawe kwa nyepesi kuliko wasinawe kabisa."

Dokta akasema Sista, hakuna hapa aliyekuwa anajua.

"Kwa hiyo anayenawa sana…" Hakumaliza. Akaigeuza mikono yake, akaitazama kama si yake. Kisha akaniuliza mimi, siyo Dokta: "Yule wa Dalia. Usiku ule nilimbeba mimi mpaka asubuhi. Nilimwua mimi?"

Nikasema sijui, Sista. Ndiyo ukweli. Vipimo vyangu haviwezi kusema ni mkono upi.

Nilidhani atakaa chini. Hakukaa. Akavaa glavu, akatoka, akaanza kumwaga madumu stoo, moja baada ya jingine, na mimi nikavaa glavu nikamsaidia. Povu limejaa kwenye mtaro wa nyuma mpaka paka wa jikoni wakakimbia.

Mchana Dokta Theopista kawaita wazazi wote koridoni, akawaambia. Alisema wazi, hakutafuna maneno. Mama mmoja alipiga kelele. Baba mmoja kataka kujua nani wa kushtakiwa, na Dokta akamwambia ofisi ya kwenda. Uwesu alisikiliza nyuma ya wote. Baadaye akaja dirishani kwangu.

"Sabuni, dada?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nanawa mara mbili mbili. Waliniruhusu kumshika kidole, nikawa nanawa mara mbili mbili."

Nilitaka kufungua ule mlango wa pembeni, nitoke. Sikutoka.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita, Kariakoo imefunguka tena kwa kishindo. Wodini hakuna mgonjwa mpya. Chupa zote za wiki hii zimebaki safi. Zakayo kaleta maandazi kwa furaha.

Damu ya kurudia ya Mtoto wa Sophia: hakuna kitu! Nimeitazama chupa kwenye mwanga. Nimeitazama tena. Nyekundu, tulivu, haina wingu. Nimepaka kwenye sahani hata hivyo, nikaiacha ilale, asubuhi sahani tupu. Sijawahi kufurahia sahani tupu hivi. Saa moja asubuhi nilikuwa peke yangu maabara nikasema Alhamdulillah kwa sauti.

Halafu jioni jambo la ajabu. Ghassan anakula, anasema bila kuniangalia: "Unamjua Uwesu? Muuza zipu na vifungo, mtaa wa Narung'ombe?"

Kijiko kilinigonga meno. Mimi habari za wagonjwa sileti nyumbani. Nikauliza vipi.

Anamjua siku zote. Mafundi wote wa mapazia wananunua vifungo kwake. Marehemu mkewe alikuwa fundi cherehani, Ghassan alikuwa anampa kazi. "Sophia. Mikono yake ilikuwa safi sana kwenye mikunjo." Msibani alikwenda. Hakuniambia, anasema, kwa sababu kuna mtoto ndani yake, na habari za watoto anazipita pembeni nikiwepo.

Anazipita pembeni. Miaka yote nilidhani hazimgusi.

Jumapili, 27 Aprili

Sikuwa zamu. Nimekwenda hospitali kwa kisingizio cha kuangalia kabati la joto. Muongo mimi. Nilitaka kuona kofia ya njano saa ya wagonjwa kutazamwa.

Nikapanda ngazi. Nje ya kioo wamesimama wawili. Uwesu, na pembeni yake mwanaume wa kanzu, mgongo ninaoujua kuliko uso wangu.

Ghassan alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Sista Jacqueline alikuwa ndani, amembeba mtoto, anamsogeza karibu wamwone. Uwesu anasema kitu, Ghassan anatikisa kichwa. Halafu mume wangu akamfanyia mtoto yule — mtoto asiyeona hata hatua mbili — akamfanyia uso wa kuchekesha. Mashavu nje, macho yamekutana. Sijawahi kuuona uso ule. Aliuweka wapi?

Nimeshuka kabla hawajageuka. Nimekaa kwenye ngazi za chini, mahali wanapopanga viti vya magurudumu vibovu. Nimelia kwa hasira kwanza. Halafu siyo kwa hasira.

Karudi nyumbani, nikamuuliza ulikuwa wapi. "Dukani." Jumapili! Nikamwambia sawa. Nikamkaangia mayai.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu, lakini maabara haina sikukuu.

Mtoto amepewa jina. Nasreen. Uwesu kachinja kidogo nyumbani kwa rafiki yake Magomeni, Ghassan kamsindikiza. Mimi bado namwita Mtoto wa Sophia. Nikimwita lile jina jingine naona kama navuta kitu kisicho changu.

Ameongezeka uzito. Dokta anasema aende nyumbani, wodi si mahali pa mtoto mzima wa afya. Ila nyumbani ni wapi? Uwesu ana chumba kimoja na kazi ya kushinda barabarani. Mama yake ndiye wa kumlea, yuko Kilwa, alishafunga mizigo. Mvua zimekata barabara ya kusini, magari yamekwama pande zote mbili.

Jioni Uwesu kaja nyumbani na Ghassan. Mara ya kwanza kuingia kwetu. Kakaa pembeni kabisa ya kochi. Chai hakunywa.

"Dada. Kaka Ghassan kaniambia yeye hasemi, niseme mwenyewe. Mkae naye mtoto, mpaka mama afike tu. Sina mtu mwingine ambaye moyo wangu utalala."

Nikamtazama Ghassan. Alikuwa anatazama zulia, masikio mekundu kama ya mtoto aliyeiba sukari.

Nikasema nitamuuliza Dokta, na afisa ustawi, mambo yaende kihalali. Nilisema kwa sauti ya kazini. Mikono niliificha chini ya mtandio.

Jumamosi, 3 Mei

Yuko hapa.

Afisa ustawi kaja kukagua nyumba, kaandika, kasaini, Uwesu kasaini. Sista Jacqueline kamleta mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Kamkagua mara ya mwisho, masikio, kitovu, makunjo ya shingo. Kisha akaniambia: "Mikono, mama." Nikamwonyesha mikono yangu. Akaibusu! Akarudi ndani haraka.

Tumemlaza chumbani kwetu. Chumba cha majora hatujakigusa. Tungekigusa tungekuwa tumesema jambo.

Ghassan kafunga duka saa nane. Jumamosi, siku ya mauzo! Kasimama juu ya mtoto na kipande cha kitambaa mkononi, cha pazia la watoto, kina tembo wadogo. Akaona namtazama, akasema ni sampuli tu.

Jumanne, 6 Mei

Nimechukua likizo yangu. Zakayo kasema kwa simu benchi liko salama, na kwamba sauti yangu imebadilika. Imebadilika vipi? "Unaongea polepole. Kama mtu aliyekaa."

Najua mengi sasa. Hapendi upande wa kushoto. Adhana ya msikiti wa nyuma inamtuliza, honi za Msimbazi hazimwamshi, lakini nikikohoa kidogo tu anaruka. Ana harufu ya maziwa na ya kitu kingine nisichoweza kukiweka kwenye sahani yoyote. Uwesu anakuja kila jioni baada ya kufunga meza yake, anamkalisha mapajani, anamsimulia biashara. "Leo zipu nyeusi zimekwisha, Nasreen." Akiondoka anamgusa kwenye paji tu, hambusu. Anasema akimbusu hataweza kutoka.

Leo nimeshuka famasi kununua matone ya vitamini. Dada wa kaunta kachungulia kitambaa. "Mashaallah! Hongera mama. Wa kwanza?"

Nikasema, "Wa kwanza."

Hivyo tu. Likatoka. Nikalipa, nikapanda ngazi zote bila kupumzika. Sophia ana haki ya lile neno, siyo mimi. Alishona mapazia ya watu, akachagua jina, akabeba mimba mpaka akajifungua, jambo ambalo mimi sijaweza. Nimemwomba radhi. Sijui kama anasikia. Nimemwambia binti yake amekula vizuri.

Mchana redio ikasema kule kusini wanajaza kifusi, magari madogo yameanza kupita. Ghassan akainuka akapunguza sauti. Na mimi nimeomba — niandike tu, hakuna wa kusoma — nimeomba mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua haikunyesha. Jua kali, nguo zake zote zimekauka kabla ya adhuhuri.

Tumezungumza. Yaani tumezungumza kweli, mimi na Ghassan, chakula kimepoa mezani. Kasema kila mara nilipotoka hospitali alikuwa akienda kuzunguka Kariakoo mpaka miguu iume, ili akirudi uso wake usinielemee. Nikamwambia nilidhani hukuumia. Akasema, "Nilidhani ukiniona nimeumia utaona ni lawama." Tumekaa miaka yote hii kila mtu anamlinda mwenzake kwa ukuta!

Nikamuuliza na majora je. Akasema chumba kitupu kilikuwa kinampigia kelele. Alitaka kijazwe na chochote.

Halafu akasema kitu. Kwamba amefikiria kumuuliza Uwesu. Siyo kumchukua — kwamba bibi na mtoto wakae hapa mjini, karibu, tuwasaidie, tumwone akikua. Nikamwambia usimuulize. Kijana amebakiwa na kitu kimoja duniani. Ukimwomba mtu wa namna hiyo atakupa kwa sababu ya adabu, na atakufa nacho ndani. Ghassan akasukuma sahani pembeni. Akasema, "Basi tusimuulize." Akamchukua mtoto, akaenda naye roshani kumwonyesha kunguru.

Nilisema kweli. Lakini nilikuwa natamani anibishie.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwogesha mapema. Maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni kipya — nimekinusa, nikacheka mwenyewe. Nimempaka mafuta ya nazi. Kofia ya njano imeanza kumbana, nywele zinatokeza kila upande.

Ghassan kaenda Ijumaa, karudi, hakwenda dukani. Kakaa sakafuni na yeye kwenye mkeka. Mtoto kamtazama, kamtazama sana, halafu mdomo ukaenda upande. Ghassan kaniita kwa kunong'ona, "Nisa. Nisa! Amecheka." Nikamwambia ni gesi, umri wake bado. "Gesi gani, amecheka na mimi!" Nikapiga magoti nione. Akafanya tena. Ni gesi. Lakini nimeiona.

Sasa amelala katikati ya mkeka, ngumi mbili juu ya kichwa. Ghassan amelala pembeni yake, au anajifanya. Naandikia hapa hapa sakafuni, daftari gotini, nisisogee.

Simu yangu iko juu ya meza. Imewaka. Uwesu.

Saa hizi huwa yuko sokoni, hapigi. Jana alisema basi la kwanza kutoka Kilwa linaweza kufika stendi ya Mbagala leo mchana.

Inaita. Nimeizima sauti, inatetemeka tu, inasogea yenyewe kwenye mbao. Ghassan amefungua macho. Anaitazama simu, ananitazama mimi. Hasemi pokea. Hasemi usipokee.

Imekata.

Mtoto kavuta pumzi, kaachia. Ghassan ameweka kiganja kifuani pake, kwa wepesi, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

Inaita tena. Kijana wa watu yuko stendi na mama yake na mizigo, ananipigia kwa sababu moyo wake umelala. Nanyoosha mkono, na Ghassan anasema, "Nisa, ngoja —"